Hivi kwa nini tunazika wafu? Ni usafi tu au kuna kitu kingine?

mtafutajibu:
Wadau habari zenu. Juzi kazini tulikuwa tunabishana, jamaa mmoja akasema yeye akifa watu wasijisumbue, wamtupe popote maana hatasikia chochote, haya mambo ya kuosha maiti, sanda, jeneza, kwenda kusimama makaburini ni walio hai kujitesa bure, na akasema kuzika kulianza kwa sababu maiti inanuka na inaleta magonjwa basi, mengine yote ni mapambo watu waliongeza baadaye. Nilitaka kumjibu lakini naona hoja yake ina mantiki fulani, ila moyo unakataa. Sasa nauliza kwa anayejua, asili ya kuzika ni usafi kweli? Na kama ni usafi mbona wengine wanachoma na wengine nasikia wanawaachia ndege? Na yule ambaye mwili wake haukupatikana kabisa, ndugu zake wanazika nini? Naomba majibu ya maana, kejeli wekeni pembeni kidogo.

Mbishi Asilia:
Jamaa yako yuko sahihi asilimia mia. Mzoga ukiachwa unaita fisi na nzi, watu wa zamani wakaona wafukie, dini zikaja zikakuta shimo limeshachimbwa zikaweka dua juu yake. Imeisha hiyo.

chimbachimba:
Mbishi umeenda fasta sana mkuu. Kama ingekuwa usafi peke yake tungefanya kama sisimizi. Kuna mwanabiolojia Mmarekani, Edward Wilson, miaka ya 1950 yeye na wenzake waliwachunguza, sisimizi akifa ndani ya kichuguu wenzake wanampita tu kama hawamwoni, mpaka mwili uanze kutoa harufu ya asidi fulani ya mafuta, hapo ndo wanambeba na kwenda kumtupa kwenye lundo la taka. Wakachukua ile asidi wakampaka sisimizi mzima, anatembea kabisa, wenzake wakambeba hivyohivyo anarusha miguu wakamtupa jalalani, akirudi anabebwa tena, mpaka ajisafishe harufu iishe. Huo ndo usafi. Hakuna marehemu pale, kuna harufu na taka.

Sasa linganisha na Panga ya Saidi, pango lililopo upande wa pwani ya Kenya. Wachimbuaji walikuta mifupa ya mtoto wa kama miaka miwili na nusu hadi mitatu, wakampa jina la Mtoto, utafiti ulitoka 2021, na umri wa kaburi ni kama miaka 78,000. Kashimo kalichimbwa makusudi, mtoto amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na jinsi mifupa ya bega na mbavu ilivyobaki imebana mahali pake inaonyesha sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imefungwa na kitu, labda ngozi au majani. Halafu kichwa. Mifupa ya shingo ilikuwa imeporomoka kwa namna inayoonyesha kichwa kililazwa juu ya kitu laini ambacho baadaye kilioza, yaani kama mto. Sasa niambie Mbishi, mto wa kichwa unazuia ugonjwa gani?

Na hao sio wa kwanza. Kule Qafzeh, Israel, kuna makaburi ya karibu miaka 100,000, mmoja wao kijana mdogo kazikwa na pembe za mnyama wa jamii ya kulungu zimewekwa juu ya kifua. Kuna pia Shanidar, Iraq, waliposema Neanderthal, yaani wale binadamu wa kale waliotoweka, alizikwa na maua kwa sababu kulikutwa chavua nyingi, ila hiyo msiibebe sana, wengine wanasema chavua ililetwa na panya wachimbao au nyuki. Mimi nang'ang'ana na Mtoto kwa sababu pale huhitaji maua, mkao wa mwili wenyewe unatosha.

Mbishi Asilia:
Sawa mto nimekubali. Lakini hiyo inaonyesha walikuwa na huruma, haionyeshi kwamba maiti anapata chochote. Kuna yule mwanafalsafa Mgiriki Diogenes, aliwaambia rafiki zake akifa wamtupe nje ya ukuta bila kumzika. Wakamuuliza, uliwe na wanyama? Akasema niwekeeni fimbo niwafukuze. Wakamwambia utawafukuzaje na wewe huna fahamu? Akawajibu, sasa kama sina fahamu nikiliwa kuna shida gani. Mjibuni huyo.

mama_nuru:
Wanangu ngoja na mimi niseme, mimi naosha maiti wa kike, nimeanza tangu marehemu bibi yangu ananishika mkono kunifundisha.

Huyo Diogenes wenu anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Hakuna anayesema maiti anafurahia maji. Swali ni sisi tuliobaki tuna deni gani kwake. Kwetu Waislamu mambo ni manne, kumuosha, kumkafini yaani kumvika sanda, kumswalia na kumzika, na yote ni fardhi kifaya, maana yake wakifanya baadhi ya watu wengine wote wamesamehewa, lakini akiachwa hakuna aliyefanya basi dhambi ni ya mji mzima. Hata awe hana ndugu, hata awe hajulikani ametoka wapi. Mfu haulizwi sanda wanangu, hawezi kusema naomba, kwa hiyo haombi, anapewa.

Na mngeingia mle ndani mngeona. Maiti anasitiriwa kwa nguo muda wote, kuanzia kitovuni mpaka magotini hakuna anayepaona, anayemsafisha sehemu za siri anavaa kitambaa mkononi na mkono unapita chini ya nguo bila kutazama. Tumbo linakandamizwa taratibu sana. Maji tunaanzia upande wa kulia, anatawadhishwa kama anaenda kuswali, anaoshwa mara tatu au tano au saba kwa witiri kadiri inavyohitajika, mara ya mwisho maji yanatiwa kafuri. Mwanamke nywele zake zinasukwa misokoto mitatu. Ukimvuta mkono kwa nguvu utakemewa, kwa sababu Mtume (s.a.w.) kasema kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Na ukiona ila yoyote mwilini mwake hiyo unakufa nayo, husemi nje hata kwa mumeo. Sasa huo ni usafi wa magonjwa? Mtu unayetaka kumtupa humsuki nywele.

Halafu sanda tatu kwa mwanamume, tano kwa mwanamke, swala yake takbira nne mmesimama, haina rukuu wala sijida. Kaburini analazwa ubavu wa kulia ameelekea kibla, vifundo vya sanda vinafunguliwa, anaingizwa kwenye mwanandani, kile kishimo cha ndani ya kaburi, vinawekwa viunza ndo udongo unashuka, ili udongo usimwangukie yeye mwenyewe. Na hata asiyekuwa wa dini yetu ana heshima yake, jeneza la Myahudi lilipita Mtume akasimama, walipomwambia huyu ni Myahudi akauliza kwani si nafsi.

Basi mwosha huoshwa, na sisi tutafanyiwa.

Kalamu ya Mkaa:
Bi mama_nuru shikamoo, umenifundisha hapo kwenye viunza, nilikuwa naona tu mbao zinashushwa.

Nimuongezee Mbishi kitu kwenye hoja ya "sitajua chochote". Jeremy Bentham, mwanafalsafa wa Uingereza, alikuwa mtu wa faida na hasara tupu, hana habari na mambo ya roho. Alipokufa 1832 aliacha wosia mwili upasuliwe ili madaktari wajifunze. Hapo sawa, anaendana na mantiki yake. Lakini wosia haukuishia hapo, akataka mifupa yake iungwe, ivalishwe nguo zake mwenyewe, akalishwe kwenye kiti mkao ule anaokaa akifikiri, na mpaka leo yupo London kwenye chuo cha UCL kakaa. Kichwa chenyewe kilivyokaushwa kilitoka vibaya cha kutisha wakamuwekea cha nta. Yaani mtu anakwambia mwili wangu si kitu, halafu anaacha maagizo ya suti!

nesi wa zamu:
Nijibu la magonjwa maana ndo fani yangu na watu wanaliongea vibaya. Maiti ya mtu aliyekufa kwa ajali, mafuriko au tetemeko kwa kawaida haianzishi mlipuko wa ugonjwa, Shirika la Afya Duniani (WHO) wamelisema hili miaka nenda rudi, kwa sababu baada ya majanga watu wanakimbilia kuwafukia wafu kwenye shimo moja haraka haraka bila kuwatambua kwa hofu ya magonjwa, na matokeo yake familia zinatafuta ndugu zao maisha yao yote. Vidudu vingi havidumu kwenye mwili uliokufa. Shida inakuwa kwa anayeushika bila kinga, na pale makaburi yakiwa karibu na visima. Na magonjwa machache kweli ni hatari, kipindupindu, na zaidi Ebola.

Na Ebola ndo inanifanya nisikubaliane na Mbishi. 2014 kule Liberia, Sierra Leone na Gine, maiti alikuwa na virusi vingi kuliko mgonjwa, watu wakimuosha na kumgusa wanaambukizwa, WHO wakasema angalau asilimia 20 ya maambukizi mapya yanatokea kwenye mazishi. Kwa hiyo ukifuata akili ya usafi tu jibu ni rahisi, tuma watu wenye mavazi ya kinga, mwili kwenye mfuko, choma au fukia, ondoka. Walifanya hivyo mwanzoni, Monrovia serikali ikaamuru kuchoma. Unajua nini kilitokea? Watu wakaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku kwa siri, ugonjwa ukazidi. Mwezi wa 11 mwaka huohuo WHO wakatoa mwongozo mpya uliotengenezwa pamoja na viongozi wa dini, Waislamu wakaruhusiwa tayamamu, kutawadhisha kwa udongo safi, badala ya kuosha, sanda nyeupe ikawekwa, Wakristo wakapewa nafasi ya sala na ya kuliaga jeneza, familia inaulizwa kaburi liwe wapi na nani ataomba, na timu haianzi chochote kabla familia haijakubali. Ushirikiano ukaongezeka. Kwa hiyo kaka Mbishi, hayo unayoita mapambo, ukiyatoa hata huo usafi wenyewe haufanyiki.

Mbishi Asilia:
Dada nesi hapo umenibana, sina neno kwa sasa. Ila bado nasema majeneza ya bei mbaya ni ushamba.

nesi wa zamu:
Hilo tuko pamoja hahaha.

katekista_mkimya:
Kwa upande wa Wakristo, Kanisa Katoliki linahesabu kuzika wafu kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili, iko fungu moja na kuwalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi. Mimi naona hilo linajibu swali la mwenye uzi vizuri kuliko maelezo marefu, aliyekufa amewekwa kundi moja na mwenye njaa, wote wana shida ambayo hawawezi kujitatulia. Na Wayahudi wanasema kumhudumia maiti ndo wema wa kweli kabisa, kwa sababu huyu hawezi kukulipa wala kukushukuru. Kwenye Mwanzo sura ya 23 Ibrahimu kafiwa na Sara ugenini, wenyeji wanamwambia chukua kaburi lolote bure, anakataa, analipa shekeli 400 za fedha kwa ajili ya shamba lenye pango la Makpela. Mtu aliyeahidiwa nchi nzima, na ardhi ya kwanza anayoimiliki kwa kununua ni kaburi la mke wake.

Kuhusu kuchoma, Katoliki iliruhusu 1963 mradi mtu asichague hivyo kwa kukana ufufuko, na 2016 Vatikani ikatoa maelekezo kwamba majivu yasimwagwe baharini wala hewani, yasigawanywe, na kwa kawaida yasikae nyumbani sebuleni, yawekwe mahali patakatifu. Waorthodoksi kwa ujumla hawakubali kuchoma kabisa. Kwa hiyo hata majivu yanazikwa, ndugu mtafutajibu.

mtafutajibu:
Asanteni sana jamani, nyuzi kama hizi ndo zinanirudishaga humu. Ila lile la wanaowaachia ndege hamjanijibu, na la mwili usiopatikana. Mama nuru shikamoo na wewe.

chimbachimba:
La ndege ni hivi. Wazoroasta, dini ya zamani sana ya Uajemi, wao wanaona ardhi, moto na maji ni vitu safi, na maiti inachafua, kwa hiyo huwezi kuzika utachafua ardhi na huwezi kuchoma utachafua moto. Wakajenga minara ya mawe ya mviringo isiyo na paa, maiti inalazwa juu, tai wanaila, mifupa inakauka kwa jua. Mumbai, India, jamii ya Waparsi wanayo mpaka leo. Angalia sasa, hawa wanajali usafi kuliko wote humu ndani, na usafi ukawapeleka kwenye kutozika. Kwa hiyo Mbishi hata kwa njia hiyo hoja yako haifiki kaburini.

Bahati mbaya kuanzia miaka ya 1990 tai wa India walikufa karibu kuisha kwa sababu ya dawa ya maumivu inaitwa diklofenaki waliyokuwa wanapewa ng'ombe kabla India haijaipiga marufuku kwa mifugo 2006, tai akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa nayo figo zinafeli. Waparsi wakabaki na minara bila ndege, wakajaribu vioo vya kukusanya jua juu ya maiti, na wengine wakaamua kuchoma. Yaani dawa ya mifugo imebadilisha mazishi ya dini yenye maelfu ya miaka, hii kitu huwa inanishangaza sijui kwa nini haisemwi sana. Watibeti nao wana tai wao, kule ardhi ni mwamba na barafu, kuni shida, na kwa Ubudha wao kutoa mwili ulishwe ndege ni sadaka ya mwisho. Wahindu wanachoma lakini watoto wachanga na watawa wao mara nyingi wanazikwa. Ukiangalia wote hao hakuna hata mmoja anayemuacha mtu alipoangukia akaondoka zake.

Kalamu ya Mkaa:
La mwili usiopatikana ndo gumu kuliko yote. Ukizika unalia halafu siku moja unalala. Asiyezika hajui alie au asubiri, mama anaacha mlango bila komeo, anakataa kugawa nguo za mwanawe kwa sababu akigawa ni kama kamuua yeye. Argentina wakati wa utawala wa kijeshi, 1976 hadi 1983, maelfu walichukuliwa na hawakurudi, mama zao wakawa wanazunguka uwanja wa Plaza de Mayo na vitambaa vyeupe kichwani wakidai wanao. 1984 vijana wanafunzi kwa kufundishwa na Mmarekani mmoja, Clyde Snow, wakaanza kufukua makaburi yasiyo na majina na kutambua mifupa, timu yao ipo mpaka leo na imefanya kazi nchi nyingi. Srebrenica, Bosnia, vilevile, waliouawa Julai 1995 walifukiwa, halafu wauaji wakarudi na makatapila wakawahamisha kuficha ushahidi, mifupa ya mtu mmoja ikakutwa makaburi mawili matatu tofauti. Kila tarehe 11 Julai kwenye makaburi ya Potočari, jirani na hapo, wanazika waliotambuliwa mwaka huo kwa DNA, na kuna familia zimezika sehemu ndogo tu ya mwili, kisha baada ya miaka kikapatikana kipande kingine, kaburi likafunguliwa tena.

Kwa askari waliopotea vitani ndo likaja kaburi la askari asiyejulikana. Tarehe 11 Novemba 1920 Uingereza ilizika mmoja asiye na jina London, na siku hiyohiyo Ufaransa ikamleta wake Paris, ikamzika Januari 1921. Mama yeyote aliyepoteza mtoto angeweza kusema labda ni wangu. Ujanja? Labda, lakini watu walipanga foleni siku na siku.

Na hata sheria za vita zinalijua hili, Mikataba ya Geneva ya 1949 inataka waliokufa wazikwe kwa heshima, na ikiwezekana kwa taratibu za dini yao, na makaburi yawekwe alama ili yapatikane. Adui uliyempiga risasi mwenyewe. Muulize jamaa yako wa kazini hilo, adui aliyekufa anazikwa kwa heshima kwa faida gani ya kiafya?

mama_nuru:
Na kwetu asiyekuwepo mwili kuna swala ya ghaibu, Mtume alimswalia Najashi mfalme wa Habasha akiwa mbali. Maulamaa wana tofauti ni wakati gani inafaa, lakini ipo.

mgeni_kidogo:
Samahani kwa kuingilia, mama nuru nakuomba unisaidie. Sisi tuna kaburi la baba, eneo wanataka kupitisha barabara, ndugu wamegawanyika, wengine wanasema kufukua ni haramu kabisa heri lipigwe lami juu, wengine tumhamishe. Tufanyeje?

mama_nuru:
Mwanangu pole. Asili ni kwamba kaburi halifukuliwi ovyo, maiti aachwe alipolala. Lakini kwa dharura inawezekana. Jabir bin Abdullah baba yake aliuawa kwenye vita vya Uhud akazikwa kaburi moja na mtu mwingine, Jabir hakuridhika, baada ya miezi sita akamtoa akamzika peke yake, na hadithi hiyo imo kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari. Barabara ikipita lazima, na magari yatakanyaga juu yake, wengi wa masheikh watakwambia mhamisheni. Ila usichukue jibu langu la mtandaoni ukalipeleka kwenye kikao cha ndugu, mtafuteni sheikh wa hapo mlipo akae na nyie pande zote mbili, na muulize serikali kibali cha kufukua maana sehemu nyingi huwezi kufukua bila kibali. Siku ya kazi hiyo waende watu wachache wenye roho ngumu, watoto wasiwepo, liwekwe pazia kuzunguka, sanda mpya iwe tayari, na kila mfupa uchukuliwe kwa mkono, koleo lisimguse.

mgeni_kidogo:
Asante sana mama. Sanda unanunua ya vipimo vilevile au?

mama_nuru:
Nunua ya kawaida mwanangu, itakuwa kubwa lakini mtaikunja. Niandikie inbox nikueleze vizuri.